Magunia yakishajaa: kazi ya kamati ya ufukwe isiyoonekana kwenye picha

Ufukwe uliosafishwa Jumamosi asubuhi unaweza kuwa umechafuka tena kabla ya Jumatano. Anayejitolea kwa mara ya kwanza huvunjika moyo akiuona, na hakosi mpita njia wa kumwambia kwamba anatwanga maji kwenye kinu. Kama kazi ya kamati ya ufukwe ni kuufanya mchanga ung'ae, mpita njia huyo ana hoja. Hakuna kundi la watu thelathini wenye glavu na magunia litakaloishinda bahari inayoleta mzigo kila maji yanapojaa.

Kamati nzuri hazijipimi hivyo. Siku ya usafi, ile yenye fulana na hotuba, ndiyo sehemu ndogo ya kazi yao. Kubwa ni kujua taka zinatoka wapi, kuhakikisha usafi wenyewe hauuharibu ufukwe, na kumfuata anayeweza kuziba tundu huku ushahidi ukiwa mkononi. Kamati inayookota tu na kurudi nyumbani imegeuka idara ya usafi isiyolipwa, na wale wanaopaswa kuigharamia kazi hiyo hawana sababu ya kuharakisha lolote.

Zinatoka wapi

Taka hufika ufukweni kwa njia tatu. Zipo zinazoachwa pale pale na watu waliokuja kupumzika. Zipo zinazoshuka kutoka bara kwa mito, mifereji ya mvua na mabomba ya majitaka. Na zipo zinazotoka baharini kwenyewe: nyavu, kamba, maboya, ndoo, chupa zilizotupwa kutoka melini. Dawa ya njia moja haiponyi nyingine. Mapipa ya taka yaliyopangwa vizuri ufukweni yanasaidia kwa kundi la kwanza, lakini hayana msaada wowote kama tatizo ni mto.

Kuhusu mito, wataalamu wenyewe wamebadili mawazo ndani ya muda mfupi. Mwaka 2017 utafiti uliosikika sana ulikadiria kwamba mito 10 tu inabeba karibu asilimia 90 ya plastiki yote inayofikishwa baharini na mito. Mwaka 2021 ukaja mwingine uliotumia takwimu pana zaidi, ukaona kwamba asilimia 80 ya mzigo huo hutoka kwenye mito zaidi ya 1,000, na mingi kati ya hiyo ni mito midogo inayokatiza miji. Kwa mtaalamu hayo ni marekebisho ya hesabu. Kwa kamati ni habari kubwa zaidi. Lawama ikiwa ya mito kumi ya nchi za mbali, mtu wa ufukweni hana la kufanya ila kuinama na kuokota. Lakini kama vijito navyo vimo, basi mfereji unaomwaga maji mita mia mbili kutoka hapo unaweza kuwa ndio chanzo, na mfereji una ofisi inayousimamia.

Zipo pia fukwe ambazo majirani zake hawana hatia hata kidogo. Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Shelisheli kilichoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, hakina wakazi zaidi ya wafanyakazi wa kituo cha utafiti. Mwaka 2019 kikosi cha wanaojitolea kiliondoa huko tani 25 za taka. Ilipokadiriwa iliyobaki, ikaonekana kuwa zaidi ya tani 500, na zaidi ya asilimia 80 ya uzito huo ni zana za uvuvi. Hakuna kampeni ya kuwaelimisha wakazi itakayopunguza hata kilo moja ya mzigo huo. Hapo anayetakiwa kusikia ni mwenye meli ya uvuvi, pamoja na serikali zinazompa leseni.

Halafu kuna mwezi, ambao waandaaji wengi huusahau. Maji ya bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda juu kuliko siku nyingine na kuacha mstari wa taka karibu kabisa na majani ya nchi kavu. Siku zinazofuata maji hupungua kupanda, kwa hiyo mstari ule hukaa bila kuguswa kwa siku kadhaa, hadi maji yaanze tena kupanda kuelekea bamvua nyingine. Kamati inayojua hili hupanga usafi siku mbili tatu baada ya kilele cha bamvua, na huanza maji yakiwa yanatoka. Kamati inayopanga tarehe kwa kufuata nafasi ya mgeni rasmi huishia na mgeni rasmi aliyesimama pasipo na taka, au maji yanayolamba miguu ya viti vya wageni.

Kwa nini kuhesabu

Mwaka 1986 wanawake wawili, Linda Maraniss na Kathy O'Hara, waliandaa usafi wa fukwe katika jimbo la Texas, Marekani. Walijitokeza watu wapatao 2,800. Usafi wa fukwe ulikuwapo tangu zamani. Jipya lilikuwa kadi: kila kundi lilitakiwa kuandika limeokota nini na ngapi. Takwimu za kadi hizo zikawa sehemu ya hoja zilizotumiwa Marekani wakati ikijadiliwa Kiambatisho cha Tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kinachokataza meli kutupa plastiki baharini, ambacho kilianza kutumika duniani tarehe 31 Desemba 1988. Zoezi lile la Texas ndilo lililokua na kuwa siku ya kimataifa ya usafi wa fukwe inayofanyika kila Septemba.

Kadi ilifanya kazi ambayo gunia haliwezi. Gunia lililojaa linasema kwamba hapa palikuwa pachafu. Orodha inasema palichafuliwa na nini, na mara nyingi “nini” inamtaja “nani”. Chukua vijiti vya plastiki vya kusafishia masikio, vilivyookotwa kwa miaka mingi kwenye fukwe za Uingereza. Hakuna mtu anayekwenda ufukweni kusafisha masikio. Vijiti hivyo vilitupwa chooni, vikapenya kwenye vichujio vya mitambo ya majitaka kwa kuwa ni vyembamba, au vikamwagika pamoja na majitaka mvua ilipozidi uwezo wa mabomba. Wale waliovihesabu hawakuwa na haja ya kubishana na watalii. Walikuwa na hoja dhidi ya watengenezaji na wauzaji. Mwaka 2019 Scotland ikapiga marufuku vijiti vyenye shina la plastiki.

Kuhesabu kuna adabu zake. Katika fukwe za kaskazini-mashariki mwa Atlantiki, mpango wa OSPAR, tume ya nchi zinazolinda bahari hiyo kwa pamoja, hutumia kipande cha mita 100, kile kile kila mara, kinachokaguliwa mara nne kwa mwaka. Sharti la “kile kile” ndilo linalovunjwa zaidi na wanaojitolea, kwa sababu mkono unavutwa na sehemu chafu kuliko zote. Ukihama kila mara kufuata uchafu, takwimu zako zitaonyesha tu kwamba una macho mazuri.

Pia lazima iandikwe tarehe ya usafi uliotangulia. Tuseme kamati iliokota vitu 400 kwenye kipande chake, wiki mbili baada ya usafi wa awali. Safari iliyofuata imeokota 600, na mtu akatangaza kwa huzuni kwamba hali imekuwa mbaya. Lakini safari hii zilikuwa zimepita wiki sita. Mara ya kwanza zilikuwa zikiingia taka kama 29 kwa siku, mara ya pili kama 14. Kasi imeshuka kwa nusu, na pengine kuna kitu kimefanyika juu ya mfereji ambacho kingestahili kuulizwa. Bila tarehe, habari njema imesomwa kama mbaya.

Swali la uzito au idadi nalo huwagombanisha watu bure. Vipisi vya sigara, ambavyo chujio lake ni aina ya plastiki ingawa huonekana kama pamba, vilishika nafasi ya kwanza kwa idadi kwenye hesabu za kimataifa kwa miongo mitatu, hadi takwimu za 2019 vilipopitwa na vifungashio vya vyakula. Kwenye mizani vipisi maelfu haviwezi kushindana na kamba moja ya meli iliyolowa. Idadi inaonyesha tabia za watu na bidhaa zinazopita mikononi mwao. Uzito unaonyesha mtahitaji gari la ukubwa gani. Andikeni vyote viwili, na msipoteze mikutano kulibishania jambo hili.

Usafi unaoharibu

Hapa ndipo nia njema hufanya madhara mengi zaidi, na ndipo ningependa kila kamati itumie muda wake.

Mwani na majani ya bahari yaliyokaukia ufukweni huonekana kama uchafu kwa aliyezoea picha za matangazo ya hoteli. Kwa ufukwe ni chakula na kinga. Ndani yake huishi wadudu na viroboto vya mchangani wanaoliwa na ndege wa pwani. Yakioza hurutubisha mimea inayoota kwenye matuta ya mchanga, na yakilala pale hupunguza nguvu ya mawimbi na kuzuia mchanga usichukuliwe. Ukizoa rundo la majani ya bahari unaondoka na mchanga uliomo ndani yake, kisha baada ya miaka michache unaanza kulalamika kwamba ufukwe unaliwa. Trekta zinazochana mchanga ni mbaya zaidi: hushindilia ardhi na kuvunja mayai ya kasa yaliyofukiwa chini. Plastiki iliyonasa ndani ya mwani hutolewa kwa mkono, na mwani hubaki. Ni kazi ya polepole na haitoi picha nzuri.

Mayai ya kasa huchukua takriban miezi miwili ardhini kabla ya kuanguliwa. Kamati yoyote kwenye ufukwe wanakotaga inatakiwa kujua viota viko wapi kabla haijaruhusu watu mia moja kukanyaga hapo, na inatakiwa kupiga marufuku mioto ya jioni na taa kali, maana watoto wa kasa hufuata mwanga na wakikosea huelekea barabarani badala ya baharini. Mwenye ujuzi huo mara nyingi ni mvuvi mzee asiyehudhuria vikao. Mfuateni.

Kwa upande mwingine, vipo vitu vidogo vinavyostahili kutangulia kuokotwa. Kwenye visiwa vya Cocos vilivyo chini ya Australia na kwenye kisiwa cha Henderson katika Pasifiki, watafiti walikadiria kwamba kaa zaidi ya nusu milioni, wale wanaoishi ndani ya makome, walikufa wakiwa wamenaswa kwenye vyombo vya plastiki. Chupa iliyolala huku mdomo umeinuka kidogo huwa mtego: kaa anaingia, hawezi kutoka, anakufa, na harufu yake inawaita wengine waje kutafuta kome lililobaki wazi. Kwa hiyo kama muda ni mfupi, chupa wazi na makopo yaende kwanza, hata kama bango kubwa la plastiki linakera macho zaidi.

Yapo ya kutogusa kabisa: sindano, mapipa yasiyojulikana yana nini, fataki za dharura za meli, mnyama mkubwa aliyekufa. Zungushieni kamba, pigeni simu kwa wahusika, watoto wasogezwe. Mafuta yamo kwenye kundi hili, ingawa historia yake ina utata. Mwaka 2020 meli ya MV Wakashio ilipopanda mwamba wa matumbawe Mauritius na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta, wananchi hawakungoja. Walishona vizuizi vya kuelea kwa vitambaa vilivyojazwa majani makavu ya miwa. Kazi ile iliheshimika, na ilionyesha jinsi watu waliozoea kufanya kazi pamoja wanavyoweza kuitikia haraka. Hata hivyo mafuta ya meli ni sumu kwa ngozi na mapafu, na kamati isiyo na mavazi ya kinga haina sababu ya kuwapeleka watu wake humo kwa ushujaa.

Niseme jambo moja kuhusu kupanda mikoko, maana kamati nyingi zikichoka na taka hukimbilia huko. Mikoko inayopandwa mahali ambapo haikuwahi kuota, hasa kwenye tope la chini linalofunikwa na maji muda mrefu, hufa kwa wingi, na wakati mwingine hupandwa juu ya majani ya bahari yaliyokuwa hai. Sherehe ya kupanda miche elfu ni rahisi. Kurudi baada ya mwaka kuhesabu iliyobaki ni nadra. Ukitaka mfano unaoeleweka, uko Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na mikoko, tangu 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko, nyingi ikiwa tayari imesimama, upandaji ni nyongeza, na mapato hupelekwa kwenye mambo kama maji na shule kwa uamuzi wa wanajamii wenyewe. Kulinda ulionao kulitangulia.

Mwenye ufukwe ni nani

Ufukwe huonekana kama hauna mwenyewe, na ndiyo maana una wenyewe wengi. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja ardhi iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na ule wa maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Uingereza, karibu nusu ya eneo hilo la maji kujaa na kupwa husimamiwa na taasisi ya mali za Taji, yaani za ufalme. Juu ya hapo kuna halmashauri, mamlaka ya bandari, idara ya uvuvi, hifadhi kama ipo, na mwenye kiwanja anayeamini kwamba ukuta wake umemfikisha majini.

Kamati haihitaji kumaliza mgogoro huu. Inahitaji barua mbili tatu zilizogongwa mhuri: ya anayeruhusu mkusanyiko, ya anayesimamia viumbe kama kasa, na ya anayebeba taka. Barua hizo zina faida ambayo huonekana baadaye. Ofisi iliyotia saini kwamba inaijua kamati haiwezi mwaka unaofuata kusema haikujua kuhusu bomba linalomwaga majitaka.

Magunia yaende wapi

Swali hili huulizwa saa tano asubuhi, watu wakiwa wamechoka, na kufikia hapo ni kuchelewa. Magunia yaliyoachwa juu ya mstari wa maji bila gari huchanwa na mbwa na kunguru, na dhoruba ikija hurudi yalikotoka. Gari na mahali pa kutupa vinapatikana kwanza, tarehe hutangazwa baadaye.

Matumaini ya kuuza taka kwa viwanda vya kuchakata yanahitaji kupunguzwa. Plastiki iliyokaa baharini ina chumvi na mchanga, jua limeifanya imeguke, na aina zake zimechanganyika. Wanunuzi wengi huikataa. Kule Aldabra gharama ilifika karibu dola 8,900 kwa kila tani iliyoondolewa. Hicho ni kisiwa cha mbali, lakini kinatoa picha ya ukubwa wa pengo kati ya bei ya kuokota na thamani ya kilichookotwa.

Chupa chache zenye soko, kwa kawaida, tayari zina mtu anayezitegemea. Wakusanya chupa hupita ufukweni kila alfajiri, kabla kamati haijaamka. Kamati inayowanyang'anya kipato chao kwa siku moja ya maonyesho imefanya jambo baya, na imejinyima watu wanaoujua ufukwe huo kuliko yeyote. Nafasi yao ni ndani ya kamati, na chupa zao waachiwe.

Mdhamini na fulana

Fedha huja kwa sura ya mdhamini, na mdhamini huyo mara nyingi ni kampuni ya vinywaji. Hapa kamati hugawanyika. Tangu 2018 vuguvugu la Break Free From Plastic limekuwa likihesabu chapa zinazosomeka kwenye taka zinazookotwa duniani, na kwa miaka sita ya mwanzo Coca-Cola ilikuwa ya kwanza kila mwaka. Kupokea fulana kutoka kwa kampuni ambayo chapa yake imejaa gunia ni jambo la kujadili kwa uwazi, wala si dhambi. Sharti ambalo kamati haipaswi kulegeza ni moja: mdhamini asiwe na sauti juu ya fomu ya hesabu. Mkataba unaosema majina ya bidhaa yasiandikwe umenunua kitu pekee cha thamani ambacho kamati inazalisha.

Na kitu hicho kinatunzwa na katibu. Mwenyekiti hutafutwa kwa uzito wa jina lake, mweka hazina kwa uaminifu, lakini kamati husimama au kuanguka kwa mtu anayeandika. Fomu za mwaka wa kwanza hazisemi mengi, maana hazina cha kulinganishwa nacho. Kuanzia mwaka wa tatu huanza kuonyesha msimu, mfereji upi, bidhaa gani mpya imeingia sokoni. Uongozi unapobadilika daftari hilo lisibaki nyumbani kwa mtu: nakala moja iwe shuleni au chuoni karibu, nyingine ofisi ya halmashauri kwa kukabidhiana saini. Ukifika huko na kipande cha mita 100, tarehe za ukaguzi wa mara kumi na mbili na idadi ya kila aina, mazungumzo na mhandisi wa mifereji huanza mahali tofauti kabisa na pale yanapoanza ukifika na picha.